Sungura mgeni asiingie bandani siku hiyo hiyo: wafugaji wa Tabora tusikilizane

Simu za wafugaji wa sungura zimekuwa nyingi sana siku hizi na karibu zote zinafanana: mtu ana majike yake wako vizuri tu, ananunua dume kutoka Dodoma au Mwanza, au anaazima wa jirani Ipuli ampandishie, anamwingiza bandani jioni ile ile, wiki mbili tatu mbele nusu ya banda wanapiga chafya na watoto wanaharisha. Hapo tunaambiwa ni majani yenye umande, au kuna mtu kaweka sumu. Jamani, mara nyingi ugonjwa umeingia na huyo mgeni uliyemlipia hela yako mwenyewe.

Shida ni kwamba sungura anaficha ugonjwa. Bakteria wa mafua, Pasteurella, anaweza kukaa puani miezi na mnyama anakula vizuri, ila akipigwa na safari, boksi halina hewa, joto la mwezi wa kumi, ndo mafua yanalipuka. Koksidia, vijidudu vya tumboni vinavyoharisha, ni hivo hivo, sungura mkubwa anavibeba bila shida yoyote, anatoa mayai ya vijidudu hivyo kwenye kinyesi, wanaokufa ni watoto waliotoka kuachishwa kunyonya. Kwa hiyo tunaposema karantini, yaani kumtenga mgeni, siku 30 tunamaanisha 30, sio "nimemwangalia wiki nzima yuko fresh".

Na karantini sio kona ya banda lile lile. Ni chumba kingine, au upande wa pili wa nyumba, na chombo chake cha maji, cha chakula na brashi yake. Unahudumia wa zamani kwanza, mgeni anakuwa wa mwisho, ukitoka kwake unanawa kwa sabuni na ndala unabadilisha. Kinyesi toa kila siku, maana mayai ya koksidia yakitoka yanahitaji kama siku moja mbili hivi kabla hayajaweza kuambukiza, ukiyawahi umeshinda. Dawa nyingi za kusafishia haziyaui, kizimba mwagia maji yanayochemka kisha anika juani kikauke kabisa.

Kabla hujatoa hela mshike huyo sungura. Geuza miguu ya mbele uangalie kwa ndani: manyoya yakiwa yameshikana na kukakamaa, huyo anajifutia kamasi, hata kama muuzaji kampangusa pua ikang'aa. Washa tochi ya simu, fungua sikio mpaka chini. Ukikuta ukoko wa kahawia umepangana tabaka tabaka ni utitiri, na usiubandue kwa kucha, unamuumiza bure, ukoko utadondoka wenyewe dawa ikishafanya kazi. Angalia na ncha ya pua, kucha, mkundu, sehemu za siri, hasa kwa dume wa kuazima maana vidonda vya huko vinaambukizwa kwa kupandisha.

Kuna wanaosema "mimi nimemchoma ivermectin siku aliyofika, nimemaliza". Hiyo ni dawa ya utitiri, ila hujamaliza. Haiui mayai ya utitiri, inarudiwa baada ya siku 14 hivi, na kipimo ni kwa uzito wa sungura, sio kukadiria kwa macho kwenye bomba la sindano la ng'ombe. Na hili naomba tulishike kweli: amoksilini ya kumeza, zile kapsuli za binadamu, usimpe sungura kabisa, inaua bakteria wazuri wa utumbo wake na anaweza kufa kwa kuharisha hata kama alikuwa na kamafua kadogo tu.

Upande wa kibali cha kusafirisha mnyama. Hiki kinaombwa kule mnyama anakotoka, sio ukishashuka stesheni Tabora na boksi mkononi. Unaanza kwa afisa mifugo wa kata ya muuzaji, anawakagua, anaandika idadi, wanakotoka na wanakokwenda, halafu kinatolewa kupitia halmashauri ya huko, na unasafiri nacho wewe au dereva, hakibaki nyumbani. Ukifika unaripoti kwa afisa mifugo wa kata yako. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka pia mfugaji akishuku ugonjwa wa kuambukiza atoe taarifa, na kuficha kunaweza kukuletea faini. Nani alikwambia haya ni ya ng'ombe tu? Sisi watu wa mifugo hatuji kukunyang'anya sungura, tunataka kujua ugonjwa uko wapi kabla haujafika Urambo na Nzega.

Akifa ndani ya karantini usimtupe shimoni wala usimpikie mbwa. Vaa glavu, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka sehemu yenye ubaridi lakini usimgandishe, mpeleke siku hiyo hiyo kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, hapa Tabora, ukiwa umeandika tarehe ya kununua, alikotoka na dawa zote alizopewa. Siku 30 kwa waliobaki zinaanza kuhesabiwa upya.