Je, wajua kwa nini wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuomba ridhaa?

Aliyewahi kulazwa kwa ajili ya upasuaji huikumbuka fomu ile yenye maandishi madogo na mstari wa kutia sahihi. Kwa kuitazama tu, mtu angedhani kwamba kumfundisha mwanafunzi wa udaktari namna ya kuomba ridhaa ya mgonjwa ni kazi ya dakika kumi. Kwa nini basi somo hili hurudiwa tangu darasani hadi wodini? Jibu ni kwamba fomu si ridhaa. Fomu ni kumbukumbu tu ya mazungumzo yaliyopaswa kufanyika kabla kalamu haijashikwa, na mazungumzo hayo, wala si karatasi, ndiyo yanayohitaji kufundishwa.

Wazo lenyewe bado ni changa katika historia ya tiba. Kwa karne nyingi daktari mwema alihesabiwa kuwa yule aliyeamua kwa niaba ya mgonjwa na kumfichia habari mbaya ili asimvunje moyo. Mwaka 1961 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa madaktari wa Chicago, ambapo takriban asilimia 90 walisema kwamba hawapendelei kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani; swali hilo lilipoulizwa tena huko Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walisema wanapendelea kumwambia. Katika muda usiofika miaka 20, desturi ya kale ilikuwa imepinduka.

Yako mengi yaliyoipindua, lakini moja halikosekani katika mafunzo ya maadili ya tiba. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa huo unavyoendelea usipotibiwa. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa imekwisha kujulikana kuwa ndiyo dawa yake. Mwanafunzi anapaswa kutafakari kwamba wanaume hao hawakuburutwa kwa nguvu. Walikubali, wakaja wenyewe kuchukuliwa vipimo. Ila jambo walilolikubali silo lililokuwa likifanyika. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotolewa katika hukumu ya madaktari wa Kinazi, zilikuwa tayari zimetangaza kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti ni sharti lisiloepukika, na bado utafiti wa Tuskegee uliendelea kwa miaka 25 mingine.

Hata hivyo, kosa la ridhaa halihitaji mtu mwovu, na kwa maoni yangu hapo ndipo somo linapokuwa gumu na lenye manufaa zaidi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery, iliyomhusu mama mwenye kisukari na umbo dogo aliyejifungua mwaka 1999 huko Scotland. Kwa mama mwenye hali hiyo, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ulikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Daktari hakumweleza, kwa kuwa aliona uwezekano wa mtoto kupata madhara makubwa ni mdogo sana, na alihofu kwamba kina mama wakielezwa watachagua upasuaji ambao hauna faida kwao. Mabega yalikwama, mtoto akakosa hewa, na ubongo wake ukadhurika. Kabla ya hapo, daktari alipimwa kwa kuangalia kile ambacho madaktari wenzake wangekisema; mahakama ikasema kipimo ni kile ambacho mtu mwenye busara aliye katika nafasi ya mgonjwa huyo angekiona kuwa cha maana kwake. Hivyo mwanafunzi hawezi tena kukariri orodha moja ya hatari na kuisoma mbele ya kila kitanda, kwa maana mpiga kinanda na mwimbaji wanaofanyiwa upasuaji uleule wa shingo hawaogopi jambo lilelile.

Kusema tu hakutoshi, kwani namna ya kusema nayo huamua. Jaribio lililochapishwa mwaka 1982 lilionyesha kwamba watu walioambiwa kuwa asilimia 90 ya wagonjwa huvuka salama upasuaji wa saratani ya mapafu waliuchagua upasuaji huo zaidi kuliko walioambiwa kuwa asilimia 10 hufa, ingawa takwimu ni ileile. Na madaktari walioshiriki walivutwa vivyo hivyo. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuzitaja pande zote mbili za hesabu. Hufundishwa pia kuacha swali la "umeelewa?", ambalo karibu kila mgonjwa hulijibu kwa "ndiyo, daktari", na badala yake kusema: "Nimekueleza mambo mengi; tafadhali nieleze ulivyoyaelewa, nijue kama nimeyaeleza vizuri." Mzigo wa kueleweka unabaki kwa msemaji.

Kuna pia suala la uwezo wa kuamua, na hapa wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba anayekataa ushauri mzuri hana akili timamu. Kinachopimwa ni kama mgonjwa anaelewa maelezo, anayapima na anaweza kueleza uamuzi wake, wala si kama uamuzi huo unampendeza daktari. Aliyeletwa akiwa hana fahamu, akiwa katika hatari ya kufa na bila msemaji wake, hutibiwa bila kusubiri.

Mazungumzo haya hufanyiwa mazoezi na watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa, njia iliyoanzishwa na daktari Howard Barrows huko Los Angeles mwaka 1963. Mazoezi hayo ni mazuri, lakini wodi ina mafundisho yake ambayo hayamo katika mtaala wowote. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari wa Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliokwisha kupitia wodi ya uzazi waliona ridhaa kabla ya kumchunguza mwanamke sehemu za siri akiwa chini ya dawa ya usingizi kuwa na umuhimu mdogo kuliko walivyoona wenzao ambao hawajapita huko. Walichojifunza darasani kilikuwa kimefifishwa na walichoona wakubwa wao wakifanya. Ilipofika Aprili 2024 ndipo serikali ya Marekani ilipozielekeza hospitali kupata ridhaa ya maandishi kwa uchunguzi wa aina hiyo.

Kwa sababu hiyo, ridhaa ya kwanza ambayo mwanafunzi hujifunza kuiomba inamhusu yeye mwenyewe: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, bado sijawa daktari. Naomba nikupime tumbo kwa ajili ya kujifunza. Ukikataa, matibabu yako hayatabadilika." Sentensi ya mwisho ndiyo rahisi kurukwa, na bila hiyo mgonjwa aliyelala kitandani hana njia ya kujua kama anaombwa au anaamriwa. Baada ya kuisema, mwanafunzi hunyamaza na kungoja. Na jibu likiwa hapana, hushukuru, akamfunika mgonjwa shuka, akaondoka.