Usiniulize mgahawa, niulize chakula na saa

Wiki iliyopita shemeji yangu anayekaa Mikocheni, hapahapa Dar es Salaam, alinipigia simu asubuhi, amefura. "Shem, yaani umenitoa kwangu mpaka Vingunguti nije kunywa maji ya moto yenye chumvi?" Nikamuuliza amefika saa ngapi. Saa nne. Ameagiza nini? Supu. Supu gani? Supu tu.

Mimi nilimwambia saa kumi na mbili. Nilimwambia makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Nilimwambia asiingie kibanda cha kwanza, atafute kile ambacho watu wamesimama na gambuti miguuni. Katika yote hayo alishika jina la mtaa peke yake. Kisha akanimalizia na maneno ambayo nimeyasikia miaka kumi na tisa ya kupika kwenye shughuli, na safari hii yamenifika shingoni: "Ndiyo maana mimi nakula hapahapa kwetu. Chakula ni kilekile, mnajitesa na foleni bure."

Si kilekile. Leo naeleza mara moja, ili anayeniuliza tena nimtumie hapa.

Tuanze na kongoro. Kongoro linababuliwa motoni mpaka manyoya yaishe, linakwanguliwa kwa kisu, linapasuliwa kwa shoka, ndipo linaingia sufuriani na chumvi na tangawizi. Ndimu ni ya mezani. Bila presha kuka, hesabu saa tano au sita za moto wa polepole, mpaka zile kano ziachie ute wake kwenye maji. Supu ya makongoro iliyoiva utaijua kabla hujaimeza: unakunywa kijiko cha kwanza, unafunga mdomo, unataka kusema kitu, midomo imenatana. Vidole ulivyoshikia mfupa vinagandana. Kama midomo haikunatana, umekunywa mchuzi, haijalishi bakuli lilikuwa zuri kiasi gani.

Watu wakisikia Vingunguti wanadhani siri ni ubichi wa nyama, kwa kuwa machinjio yako palepale. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama maelezo na si maelezo. Kongoro si dagaa. Bodaboda analibeba kutoka Vingunguti na kulifikisha Mikocheni asubuhi hiyohiyo, likiwa salama kabisa. Ungekuwa ni ubichi tu, Mikocheni ingekuwa na supu sawa na ya Vingunguti, na shemeji yangu angekuwa na haki ya kubaki nyumbani.

Siri ni walaji. Machinjioni kazi ni ya usiku. Kunapopambazuka kuna wachinjaji, wachunaji, wabebaji, madereva wa magari ya nyama na wenye mabucha waliofuata mzigo, wote wana njaa ya usiku mzima na wote wanaijua nyama. Huwezi kumdanganya mchunaji kwa supu. Mpishi anayewahudumia anajua kabla hajawasha moto kwamba sufuria litaisha, kwa hiyo anatia makongoro mengi kwa mkupuo, moto unalala nayo, na kunapokucha kila kitu kimefika pamoja. Mpishi wa Mikocheni ana wateja sita wa makongoro kwa siku, wengine wanakuja saa mbili, wengine saa saba. Atatia matatu, atayapasha, atayapoza, atayapasha tena. Mkono wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa yule wa Vingunguti. Hana watu wa kupikia, basi.

Na maji. Kila mpishi wa supu anaongeza maji, na mimi nikiwemo. Sufuria likishuka na foleni bado ipo, unaongeza. Ongezo la kwanza halidhuru. La tatu limekwisha kuwa jambo jingine. Saa nne shemeji yangu alikunywa ongezo la tatu au la nne, akaenda kusema Vingunguti hakuna kitu.

Ndiyo maana nasema mgahawa mzuri, ukiutaja hivyo tu, hujamwambia mtu chochote. Kuna chakula kizuri, cha saa fulani, mahali fulani, kwa sababu kuna watu wanaokisubiri saa hiyo. Ondoa mojawapo, ushauri wako umekufa.

Chukua biriani. Katikati ya jiji, kuanzia Kisutu mpaka Kariakoo, biriani lenyewe ni la Ijumaa mchana. Watu wanatoka msikitini wakiwa wengi kwa wakati mmoja, na jikoni walijua tangu Alhamisi jioni, nyama ililala kwenye mtindi na viungo, vitunguu vilikaangwa vikakauka vizuri, sufuria likafunikwa na kupaliwa makaa juu. Linapofunuliwa saa saba mchana, mvuke wa hiliki unakufikia ukiwa bado mlangoni. Nenda mgahawa uleule Jumanne saa kumi jioni uagize biriani: utapewa wali uliotiwa rangi umemwagiwa rojo, na wala hujaibiwa, maana Jumanne saa kumi hakuna mtu anayelisubiri biriani. Halafu unakuja kuniambia mimi biriani la mahali pale limeshuka. Halijashuka. Umelifuata siku ambayo halipo.

Usiku nao una chakula chake. Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, kuku wake wa mkaa ni wa jioni. Nimeshampeleka mgeni aliyepita pale mchana akaniapia kwamba hakuna kitu. Giza likiingia, familia za ghorofani zinashuka na watoto, meza zinakanyaga barabara, moshi unatangulia mtu mtaa mzima. Anayekaa Masaki asiniambie foleni: tangu 2022 kuna daraja la Tanzanite, unapita juu ya maji unaingia Upanga.

Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nautafuta upande wa Kimara na Mbezi. Ukiuliza kwa nini, tazama Barabara ya Morogoro. Kwa miaka mingi watu wa Kilimanjaro na Arusha waliingia jijini kwa barabara hiyo, na wengi wakajenga pembeni yake. Ndizi zinashuka zikiwa mbichi za kutosha, na anayezila anajua mtori usio na mafuta ya mfupa ni uji wa mgonjwa. Halafu ikaja 2021, mabasi ya mikoani yakahamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis. Watu waliona ni habari ya usafiri. Mimi niliona sufuria zikihama. Mama ntilie niliyekuwa nikinywa kwake chai na supu Ubungo tangu nikiwa kijana, mkono mmoja wa chapati usio na mfano, nilimkuta Mbezi mwaka uliofuata na karai lilelile. Abiria walihama, naye akawafuata. Mpaka leo kuna watu wanaoshauri wenzao supu ya Ubungo stendi kwa kumbukumbu ya zamani.

Mengine kwa haraka. Mihogo ya kukaanga, Coco Beach, Jumapili jioni, na pilipili usiiogope. Samaki wa kukaanga, Feri kwenye soko la samaki, wakati makarai yamejaa na wachuuzi wanapanga foleni na madishi ya kupeleka mitaani. Wakiwa wamekwisha kuondoka, nawe ondoka. Mbagala uende na mtu wa Lindi au Mtwara, yeye anajua kwa nani kuna ming'oko, vile viazi vya porini, na lini. Kigamboni ukavuke kwa pantoni, si kwa daraja, kwa sababu njaa inakua vizuri majini.

Unguja hadithi ni ileile. Wageni wote wanapelekwa Forodhani usiku, na mandhari ni ya kupendeza kweli, lakini walaji wa Forodhani wamebadilika na chakula kimewafuata. Ninapotaka kula nakwenda mgahawa wa Lukmaan, Mkunazini, mchana, vyakula viko mbele yako unachagua kwa macho, na jirani yako mezani ni karani wa ofisi mwenye dakika ishirini tu. Mtu mwenye dakika ishirini harudi mahali ambapo wali haukuiva, anahama kesho yake. Nairobi nako, binamu yangu ameishi Kilimani miaka minane bila kukanyaga Eastleigh, mtaa wa Wasomali, kula, na anakula wali wa Kisomali kwenye hoteli ya karibu naye ambako ndizi wanaileta mwisho kwenye kisahani, kama tunda la kufungia mlo. Ile ndizi inaliwa pamoja na wali na nyama, tonge kwa tonge. Waliomletea hawajawahi kusahihishwa na mlaji, kwa sababu walaji wenyewe wako Eastleigh.

Naulizwa pia kuhusu nyota ambazo watu huipa migahawa kwenye simu. Nyota haisemi mtu alikula nini wala saa ngapi. Wengi hukipa alama kiyoyozi na maegesho. Nimemaliza.

Yapo mambo mawili yasiyonipa usingizi mzuri, na sitaki kuyaficha.

La kwanza ni njaa. Ukitoka Magomeni saa kumi na moja alfajiri, ukafika Vingunguti tumbo linanguruma, kila kitu ni kitamu. Je, nasifia supu au nasifia safari? Nilijaribu kujipima. Nilinunua supu palepale, nikaweka kwenye chupa ya chai, nikaja nayo nyumbani, nikaila saa tatu nikiwa nimeshakula maandazi mawili. Midomo ilinatana vilevile, lakini ule utamu niliousimulia kwa watu, sikuupata wote. Nadhani sehemu yake ilibaki kwenye benchi, katikati ya wale wenye gambuti. Kiasi gani, siwezi kukwambia. Vivyo hivyo na mkaa: nimepika wali wa nazi kwa gesi na kwa mkaa siku moja, mchele mmoja, nazi moja, nikawapa watu wa nyumbani bila kuwaambia, na hakuna aliyetofautisha, mimi mwenyewe nikakosea. Kwenye pilau nilitofautisha, kwa sababu ya ukoko. Kwa hiyo ninaposema "cha mkaa ni kitamu zaidi" nasema kwa pilau na kwa kuku. Kwa wali mweupe nimeacha kusema.

La pili linaniuma zaidi. Kuna mama mmoja Temeke, sitamtaja, alikuwa na sufuria moja la maharage ya nazi, anafungua saa sita, saa nane kamaliza, anarudi kwake. Nilimtangaza. Nilituma watu wa ofisini, wakatuma wenzao. Baada ya miezi michache akawa na sufuria tatu na wasichana wawili, na walaji wapya walikuwa wanafika saa tisa, saa kumi, na magari. Akaanza kupika jana kwa ajili ya leo. Majirani waliokuwa wakila kwake wakaanza kulalamika bei, kisha wakapungua. Yeye amejenga vyumba viwili, na nafurahi kwa hilo kutoka moyoni. Maharage yake sasa ni ya kawaida. Niliwabadilisha walaji, na walaji wakabadilisha maharage. Tangu hapo kuna sehemu tatu nazijua na sizisemi mpaka mtu nimjue vizuri, na sina hakika kama ninalinda chakula au ninamnyima mtu riziki.

Kwa hiyo siku hizi nikimshauri mtu mahali nje ya mtaa wake, namwambia chakula, siku, saa, na alama moja ya kutambulia kibanda. Akiniuliza "na vitu vingine vyao vikoje?" namjibu sijui, maana kweli sijui, mimi pale nafuata kitu kimoja. Asiyekwenda saa niliyomwambia, asinipigie simu.

Shemeji nimemsamehe kwa sababu dada yangu kaniomba. Nimemwandikia jana usiku: "Jumamosi. Saa kumi na mbili kasoro, nitakuwa barabarani nakusubiri. Makongoro, chapati mbili. Usile kitu nyumbani. Njoo na chenji, hawana muda wa kutafuta."