Bega Limepasuliwa Mara Mbili na Bado Linauma: Kabla ya Kufikiria Mara ya Tatu

"Daktari, imeshika?" Hilo ndilo swali la kwanza la watu wengi wanaofika fiziotherapia hapa Dodoma baada ya kupasuliwa bega mara ya pili. Wanaulizia kano iliyoshonwa, yaani ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa. Mtu ametumia fedha, amekaa na mkono kifuani wiki kwa wiki, na usiku bado anaamka kwa maumivu, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Ila swali hilo peke yake halimsaidii sana. Kuna watu kano zao zimeshika na wanaumia, na kuna wengine zimechanika tena na wanalala usingizi wao vizuri. Yapo maswali mawili yenye faida zaidi: kinachouma sasa ni nini hasa, na mkono huu unaweza kufundishwa kufanya nini.

Bega limeundwa kwa namna ya kuruhusu mkono uende kila upande, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Kinachokizuia kisitoke ni misuli minne inayoanzia kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, na kuishia kwa kano zinazokizunguka kichwa hicho mbele, juu na nyuma. Msuli mkubwa wa nje, deltoidi, ndio wenye nguvu ya kuinua mkono. Hii minne kazi yake kubwa ni kukikalisha kichwa katikati ya kikombe wakati deltoidi inavuta. Kano ya juu ikikatika, kichwa kinaweza kupanda, kikagonga mfupa ulio juu yake, na mtu akashindwa kufikia hata kabati la vyombo.

Kwa nini mshono wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza? Ni kama kushona shati lililochakaa: uzi unakuwa mzima, kitambaa ndicho kinachochanika pembeni ya mshono. Kano iliyochanika muda mrefu hurudi nyuma na kukonda, na msuli wake huanza kugeuka mafuta. Mafuta hayo yakishaingia kwa wingi hayaondoki hata kano ikishonwa vizuri. Ongeza umri wa zaidi ya miaka 65, kisukari kisichodhibitiwa, sigara, na mchaniko wa zaidi ya sentimita 5, na uwezekano wa kushika unapungua kila hatua. Kuchanika upya kwingi hutokea ndani ya miezi 6 ya mwanzo, wakati ambao mgonjwa anajisikia nafuu na kuanza kujaribu vitu. Kano haijui kwamba maumivu yamepungua. Kushikana kwake na mfupa huchukua miezi, na kuendelea kukomaa kunaweza kufika mwaka mzima.

Sasa upande wa pili wa habari, ambao wagonjwa wengi hawaambiwi. Mwaka 2004 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa wagonjwa 18 walioshonwa michaniko mikubwa ya kano za bega kupitia matundu madogo, kwa kutumia kamera. Baada ya kupimwa, 17 kati yao walikuwa wamechanika tena. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza wengi wao walikuwa na maumivu machache na mkono unaofanya kazi vizuri kuliko kabla ya upasuaji, ingawa kwa baadhi nafuu hiyo ilipungua baadaye. Na mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani waliwapima kwa utrasaundi watu 411 ambao mabega yao hayakuwa yakiuma kabisa. Asilimia 23 walikuwa na kano zilizochanika, na kwa waliozidi miaka 80 ilikuwa nusu yao. Kwa hiyo majibu ya MRI yakisema "kano imechanika tena", usiyasome kama hukumu. Ni taarifa moja kati ya kadhaa.

Taarifa nyingine zinapatikana kwa kusikiliza na kwa kushika. Bega linalouma baada ya upasuaji wa marudio linaweza kuwa limeganda tu: mkono hausogei hata ukisogezwa na mtu mwingine, hasa kuzunguka kwa nje. Hilo ni tatizo la mfuko wa kiungo, na huitikia mazoezi ya kunyoosha yenye subira kuliko kisu. Mkono ambao mtu mwingine anaweza kuuinua mpaka juu, lakini ukiachiwa unadondoka, unasema habari tofauti: hapo nguvu haipo, ama kwa kano ama kwa neva, yaani mshipa wa fahamu. Maumivu yanayoshuka kupita kiwiko hadi vidoleni, yakiambatana na ganzi, mara nyingi yanatoka shingoni, na nimeona si mara chache mtu akilipia matibabu ya bega wakati shida iko shingoni. Kipo pia kiungo kidogo mwishoni mwa mtulinga, na ipo kano ya msuli wa mbele ya mkono inayopita ndani ya bega. Vyote viwili huweza kuuma hata kama mshono ni mzima.

Maambukizi yanastahili maneno ya ziada kwa sababu hujificha. Kuna bakteria anayeishi kwenye ngozi yetu sote, hasa maeneo ya bega na kwapa, ambaye akiingia wakati wa upasuaji hukaa kimyakimya. Hakuna homa, hakuna usaha, vipimo vya damu vinaweza kuja safi. Kilichopo ni bega gumu linalouma bila sababu miezi mingi. Anapatikana kwa kuchukua sampuli za nyama ya ndani na kuziotesha maabara kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka siku 14. Sampuli ikitupwa siku ya tano, majibu yatasema hakuna kitu. Kama upasuaji wa tatu unazungumzwa na hili halijaulizwa, uliza wewe.

Wapo wasiopaswa kusubiri tarehe ya kliniki: mwenye homa na kidonda kinachotoa maji, bega lililovimba na kuwa jekundu, mkono uliokufa ganzi ghafla au kupoteza nguvu za vidole, na aliyesikia kitu kikikatika kisha mkono ukagoma kuinuka. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na kuhema ni ya kupelekwa dharura siku hiyohiyo. Msimpake mafuta mkamwambia alale.

Tukiwa kwenye mafuta: kukanda na kuchua ni desturi yetu, na sina ugomvi nayo yote. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye shingo na mgongo wa juu hulegeza misuli iliyokaza, mradi kidonda kimepona na kitambaa hakichomi. Ninachokataa ni fundi wa mifupa kuuvuta mkono kwa nguvu ili "ufunguke". Katika miezi 3 ya kwanza kitendo hicho kinaweza kuivua kano kutoka kwenye mfupa kwa sekunde moja. Bega lililoganda hufunguka kwa kunyooshwa kidogokidogo kila siku, na anayenyoosha anatakiwa ajue ulipasuliwa lini na kilishonwa nini.

Dawa nazo. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa na watu huinywa mwezi mzima bila kumwambia yeyote. Kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu ni hatari ya kweli. Paracetamol ni salama zaidi, ila mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Sindano ya steroidi ndani ya bega hutuliza kwa wiki kadhaa na ina nafasi yake, hasa kumwezesha mtu aanze mazoezi, lakini ikirudiwarudiwa hudhoofisha kano. Mwenye kisukari ategemee sukari kupanda kwa siku kadhaa baada ya kuchomwa. Na kama upasuaji mwingine uko njiani, mtajie daktari tarehe ya sindano ya mwisho, kwa sababu ikiwa karibu mno huongeza hatari ya maambukizi.

Kwa bega ambalo kano zake hazishoneki tena, tegemeo ni deltoidi. Mwaka 2008 madaktari wa Reading, Uingereza, walieleza jinsi wazee 17, wastani wa umri miaka 80, walivyofundishwa kuinua mikono kwa kuimarisha sehemu ya mbele ya msuli huo, bila upasuaji wowote. Zoezi lenyewe halihitaji kifaa. Lala chali kitandani au kwenye mkeka, mto mdogo chini ya kichwa. Kwa mkono mzima, usaidie mkono mgonjwa usimame wima kuelekea darini, kisha uachie usimame wenyewe. Ukiwa wima kiasi hicho uzito wake karibu wote unakaa juu ya kiungo, kwa hiyo hata msuli dhaifu unauweza. Anza kuupeleka mbele na nyuma taratibu, kidogo tu, dakika 5, mara 3 kwa siku. Ukizoea, shika chupa ya maji ya nusu lita. Baadaye inua mgongo kwa mito, wiki hii kidogo, wiki ijayo zaidi, mpaka unafanya ukiwa umekaa. Usitarajie kitu kikubwa kabla ya wiki 12. Wanaokata tamaa hukata tamaa kwenye wiki ya nne, na ndio wengi. Kama bado uko ndani ya miezi 3 ya upasuaji, usilianze mpaka daktari aliyekupasua aruhusu.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunavumilika. Kipimo ni asubuhi inayofuata: bega likiamka na maumivu zaidi ya jana, punguza nusu, usiache kabisa.

Nyumbani kinachoumiza zaidi si vitu vizito peke yake, ni umbali wa mkono kutoka mwilini. Angalia mtu anavyosonga ugali wa watu sita kwenye jiko la gesi lililo juu ya meza: kiwiko kiko nje, karibu usawa wa bega, na mwiko unasukuma donge zito kwa duara. Hiyo ni kazi ya kano zilezile zilizoshonwa. Shusha jiko chini, kaa kwenye kigoda, kiwiko kikae karibu na mbavu, na mwiko ushikwe kwa mikono miwili. Tofauti utaisikia siku hiyohiyo. Unga ukianza kukaza, mpe mwingine amalizie. Nadhani baba wa nyumba naye anaweza kusonga.

Dumu la lita 20 lina kilo 20 na zaidi. Gawanya maji kwenye vidumu vya lita 5, na visikae juu ya rafu. Kwenye daladala usining'inie kwenye bomba la juu kwa mkono huo. Breki moja ya ghafla inatosha. Kuvaa shati, anza na mkono mgonjwa. Kuvua, malizia nao. Usiku lala chali ukiwa umeinuka kidogo, mto chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma. Mwalimu asigome kuandika ubaoni, aandike sehemu ya chini ya ubao, na ubao ukijaa afute kwa mkono mwingine.

Upasuaji wa tatu upo, na kwa baadhi ya watu ndio jibu sahihi. Kushona tena kunafaa kwa wachache, hasa wenye umri mdogo, msuli usiojaa mafuta na sababu inayoeleweka ya mshono kuachia. Kuhamisha msuli wa mgongoni ili ufanye kazi ya kano iliyokufa ni kazi ya mpasuaji mzoefu na miezi mingi ya mafunzo ya msuli. Kwa wenye umri mkubwa ambao kiungo nacho kimelika, kuna kiungo bandia cha kinyume, alichokibuni daktari Paul Grammont wa Ufaransa mwaka 1985: tufe linawekwa kwenye kombe, kikombe kinawekwa kwenye mfupa wa mkono, na deltoidi inapata uwezo wa kuinua bila zile kano. Hutuliza maumivu vizuri. Lakini kinahitaji deltoidi iliyo hai na neva yake, maambukizi yawe yamekanushwa kwanza, na hatari za matatizo ni kubwa zaidi kwenye bega lililokwishapasuliwa. Madaktari wengi pia huweka ukomo wa uzito wa kubeba maisha yote, jambo la kumuuliza daktari wako kabla na si baada.

Ukipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam au kwingine, beba ripoti za upasuaji zote mbili, si picha pekee. Mpasuaji anataka kujua ni kano zipi zilishonwa, hali ya nyama ilikuwaje, na skrubu za kushikilia mshono zilizoachwa ndani ni za aina gani. Hospitali inatakiwa ikupe ukiomba. Iombe mapema, maana faili hupotea.

Na kwa wakulima wetu wa Bahi, Chamwino na Kongwa, angalieni kalenda. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia karibu na Desemba. Aliyepasuliwa Agosti atakutwa na kilimo akiwa mwezi wa 4 tangu upasuaji, akiwa na nguvu za kumdanganya na kano isiyoweza jembe. Aliyepasuliwa Mei, baada ya kuvuna, atakuwa mwezi wa 7 tangu upasuaji, na hata huyo apande na kupalilia maeneo mepesi tu. Kupogoa zabibu kwenye waya wa juu kusubiri zaidi. Fedha za vibarua wa msimu huo ziwekwe kwenye hesabu ileile ya matibabu, kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji.