Bayoanuwai si wingi

Juzi kwenye kikao cha mtaa, huku njia ya Pugu, ndugu mmoja alisimama akatangaza kwamba bayoanuwai ya eneo letu imeongezeka, kwa kuwa mikaratusi mingi imepandwa. Makofi yakapigwa. Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno, naomba leo niseme.

Bayoanuwai ni utofauti wa viumbe hai: wa spishi, yaani aina za viumbe, wa vinasaba, yaani chembe za urithi, ndani ya spishi moja, na wa mifumo ikolojia, yaani mazingira wanamoishi na kutegemeana. Basi.

Kinachoniuma ni kile kipande cha pili cha neno. "Bayo" asili yake ni Kigiriki, uhai. "Anuwai" tunayo siku nyingi, imetoka kwenye Kiarabu: naw' ni aina, na wingi wake, anwa', ni aina mbalimbali. Mwenyeji akikwambia kapika vyakula anuwai, hutarajii kukuta masufuria kumi ya wali mtupu. Sikio letu linalijua hilo vizuri kabisa, hadi "bayo" inapotangulia.

Sasa tazama juu, hapa hapa Dar. Ndege tele, lakini wengi wao ni kunguru wale wa shingo ya kijivu. Kwao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, kisha wakaenea hadi bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na majalala yetu yanawanenepesha. Hivyo ndege wanaweza kuongezeka huku aina zao zikipungua, na mkono wa binadamu umo mwanzo hadi mwisho.

Halafu mkumbuke chura wa Kihansi, kadogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu duniani, hapa Tanzania. Aligunduliwa 1996. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wakifugwa Marekani ndio waliomwokoa. 2010 baadhi wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pengo la aina kama hiyo halizibwi na kunguru, hata wawe maelfu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikaoni, sema miti imeongezeka. Ni kweli, na kivuli tutakipata. Bayoanuwai tuisubirishe kidogo, twende kwanza tukahesabu ni miti ya aina ngapi.