Plastisaiza ni nini na inafikaje kwenye maji yetu

Ukichukua ule mpira wa kumwagilia bustani ukauweka karibu na bomba gumu la PVC la fundi, mara nyingi plastiki yenyewe ni moja tu, kinachofanya mmoja ukunjike na mwingine ugome ni kemikali inayochanganywa kiwandani ili kuulainisha, hiyo ndo plastisaiza. Na si tone, kwenye PVC laini inaweza kufika theluthi ya uzito wote. Kundi linalotajwa sana ni thaleti, na maarufu humo ni DEHP.

Shida ni kwamba haijashikana na plastiki, imekaa tu humo katikati, kwahiyo inahama kama mafuta ya chapati yanavyohamia kwenye gazeti. Joto linaiongezea kasi. Sasa chukua mpira umelala uani hapa Dodoma, mwezi wa kumi na moja, jua la saa nane, ukifungua koki maji ya kwanza yanatoka ya moto kabisa na yananuka mpira. Harufu siyo kipimo, maana DEHP karibu haina harufu, ila maji yale yameshinda humo yanachemka. Mpira huo huo baada ya miaka unakakamaa, ukiukunja unapasuka, sababu mojawapo ni kwamba kile kilainishi kimeshaondoka, kingine kimeenda hewani, kingine kwenye maji.

Mitoni inaingia kwa maji machafu ya viwanda, madampo na takataka. Makorongo yetu yako makavu muda mwingi wa mwaka, kandambili, vipande vya waya na maturubai vinakaa vinaungua jua, mvua ya kwanza ikipiga vyote vinasombwa siku moja. DEHP haipendi maji, inapenda mafuta na tope, kwahiyo ukipima maji ya juu unaweza usipate kitu wakati iko chini kwenye matope.

Kwanini watu wanaihofia? Thaleti kadhaa zinavuruga homoni, kwa panya dume walio tumboni zimeonekana kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi. Shirika la Afya Duniani limependekeza DEHP isizidi mikrogramu 8 kwa lita ya maji ya kunywa, Marekani wameweka 6. Mwili hauitunzi muda mrefu, nyingi inatoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, ila ukiipokea kila siku ndo hivyo tena. Tena wengi wanaipata zaidi kwenye chakula kuliko kwenye maji, hilo huwa halisemwi.

Watu pia wanaogopa simtanki bure kwa hili. Simtanki ni polithini, haihitaji thaleti ili iwe simtanki. BPA nayo ni kemikali nyingine kabisa, ya kutengenezea plastiki ngumu, watu wanaichanganya humu humu. Mimi ningeanza kuangalia vitu laini, kama ule mpira wa kushushia maji kutoka kwenye boza.

Kuchemsha hakusaidii, DEHP inachemka kwenye nyuzi karibu 385, maji yataisha sufuriani yenyewe ipo. Chujio la mkaa amilifu, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu kunasa kemikali, linapunguza, mradi ubadilishe mkaa kwa wakati. Na kama huna namna zaidi ya mpira, yale ya kwanza mwagia miche mpaka yaje ya baridi ndo ukinge ndoo.