Uwanja Ni Mali ya Jiji, Lakini Saini Je?

Kwa mara ya tatu tangu mwezi huu uanze, nimeulizwa kwa nini serikali ya shirikisho ya Marekani isiliamuru tu jiji fulani lipanue uwanja wake wa ndege. Aliyeuliza ni mhandisi aliyekulia Nairobi, ambako viwanja vikubwa viko mikononi mwa mamlaka moja ya serikali kuu, naye akadhani dunia nzima imepangwa hivyo. Huyo nina subira naye. Wanaonichosha ni wale wa upande wa pili, wanaoamini kwamba kwa kuwa uwanja ni mali ya jiji, meya akitaka anaweza kuugeuza shamba la mihogo kesho asubuhi.

Nianze na mhandisi, maana jibu lake ni fupi. Viwanja vingi vya abiria nchini Marekani ni mali ya majiji, kaunti, majimbo au mamlaka za bandari. Dulles na Reagan National, vinavyohudumia Washington, ni vya shirikisho, na hata hivyo vimekodishwa kwa mamlaka ya eneo hilo tangu mwaka 1987. FAA, mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa anga, husimamia anga, hutoa vyeti vya usalama na huidhinisha ramani ya mpangilio wa uwanja, lakini haina uwezo wa kuliamuru jiji lijenge hata choo.

Kinacholifunga jiji ni ruzuku. Jiji linapopokea fedha za FAA za kuweka lami au taa, hutia saini masharti yanayokaribia arobaini: uwanja uwe wazi kwa watumiaji wote bila ubaguzi usio wa haki, mapato yake yasitoke nje ya uwanja, na ramani isibadilishwe kiholela. Mengi ya masharti hayo hudumu kwa kadiri ya uhai wa kilichojengwa, bila kuzidi miaka 20. Lakini lile la mapato halina ukomo, na ardhi iliyonunuliwa kwa ruzuku hubaki na masharti yake hata waliotia saini wakishazikwa.

Niliwahi kukaa na madiwani wa mji mmoja mdogo, ramani imetandazwa mezani na vikombe vya kahawa vimewekwa kwenye pembe zake ili isijikunje. Diwani mmoja aliweka kidole kwenye kona yenye majani matupu na kutangaza kwamba hapo ndipo malori ya taka ya mji yangelala, bure, kwa sababu ni petu. Nikamwonyesha mstari wa mpaka wa uwanja, kisha mwaka ambao kipande hicho kilinunuliwa kwa ruzuku, nikamweleza kwamba, hata idhini ikipatikana, mji utaulipa uwanja kodi kwa bei ya soko. Akaniuliza kama mji utajilipa kodi wenyewe. Nikamjibu ndiyo, tena kwa stakabadhi.

Hapo ndipo mtu hunitajia Chicago, kana kwamba amenibana. Ni kweli kwamba usiku wa tarehe 30 Machi 2003, Meya Richard M. Daley alituma matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia ya Meigs Field, uwanja mdogo wa ndege wa jiji hilo, huku ndege za watu zikiwa zimeegeshwa pale pale. FAA ililitoza jiji dola 33,000, yaani dola 1,100 kwa kila siku ya zile siku 30 za taarifa ya kufunga uwanja ambazo halikutoa. Wanaosimulia kisa hiki hukomea hapo na kucheka. Hawasemi kwamba jiji lilikubali pia kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja zilizotumika katika ubomoaji, wala kwamba Bunge la Marekani lilipandisha faini hiyo hadi dola 10,000 kwa siku. Zaidi ya yote, Daley aliweza kufanya vile kwa sababu masharti ya ruzuku hayakuwa tena na nguvu ya kulazimisha Meigs ibaki wazi.

Linganisha na Santa Monica, California, ambako jiji lilitaka kuufunga uwanja wake kwa miaka mingi. Mwaka 1994 lilipokea ruzuku, na mwaka 2003 ruzuku hiyo ikarekebishwa kwa kuongezwa takriban dola 240,000. Jiji likasema miaka 20 imeisha 2014. FAA ikasema inahesabiwa kuanzia marekebisho, hivyo ni 2023. Miaka tisa ya kelele za ndege kwa kiasi ambacho mjini humo hakinunui hata nyumba! Ningekuwa mwanasheria wa jiji mwaka 2003, nadhani hata mimi ningeisaini karatasi ile bila kuisoma mara mbili.

Tena kulikuwa na hati ya mwaka 1948, ambayo kwayo shirikisho liliurudishia mji uwanja huo baada ya vita, na FAA ikadai kwamba kwa hati hiyo unapaswa kubaki uwanja daima. Vitabu vya fani hii huandika "daima" bila kupepesa jicho. Mimi nina shaka. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano Januari 2017 kabla mahakama haijaamua neno hilo lina uzito gani, na kwa maoni yangu kila upande ulikubali kwa sababu uliogopa hukumu kuliko ulivyomwogopa mwenzake. Jiji liliruhusiwa kufupisha njia ya kurukia kutoka futi 4,973 hadi 3,500, kazi iliyokamilika mwaka ule ule, na ndege nyingi za jeti zikashindwa kuitumia. Nalo likaahidi kuuendesha uwanja hadi tarehe 31 Desemba 2028.

Baada ya tarehe hiyo jiji liko huru kuufunga. Hata hivyo mihogo haitapandwa kirahisi: katika kura ya mwaka 2014 wakazi waliamua kwamba, uwanja ukifungwa, ardhi hiyo iwe ya bustani, viwanja vya michezo na burudani, na matumizi mengine yoyote yarudishwe kwao yapigiwe kura.