Je, wajua kwa nini nyumba inaweza kumdanganya mzimamoto?

Simama barabarani kule Isamilo au Bugando, hapa Mwanza, uitazame nyumba iliyojengwa kwenye mteremko. Unaona mlango mmoja, kibaraza, madirisha mawili. Nyumba ya chini, ya kawaida. Sasa shuka zile ngazi za pembeni, pita kando ya jiwe, halafu geuka utazame tena. Kumbe ni ghorofa tatu. Mbili zilikuwa chini ya miguu yako, wapangaji wanapika na kamba za nguo zimejaa.

Sisi wa Jiji la Miamba tumeshazoea: kiwanja kikikunyima upana, unashuka nacho. Lakini askari wa zimamoto anayefika usiku ameshadanganywa kabla hajagusa kitasa. Kazi yake ya kwanza ni kulisoma jengo kutoka nje: lina ghorofa ngapi, paa limebebwa na nini, moshi unatokea wapi, watu watatolewa wapi. Ana dakika moja, labda mbili. Kila alichoficha fundi, kwa urembo au kwa kubana kiwanja, hakisomeki.

Nianze na mteremko, maana huo ndio wetu. Akiingia kwa mlango wa barabarani, anajiona yuko chini kabisa, kumbe moto uko ghorofa ya chini yake. Joto hupanda, na njia rahisi ya kupandia ni ngazi za ndani. Ngazi zinageuka dohani, naye amesimama mdomoni mwake. Dirisha la chini likipasuka na upepo ukaingia (upepo wa ziwa mnaujua), joto lote linapanda kwa mkupuo.

Yalishatokea. Juni 2, 2011, huko San Francisco, Marekani, mji wa vilima kama huu wetu, wazimamoto wawili waliingia nyumba ya mteremkoni kwa usawa wa barabara, moto ukiwa chini yao. Dirisha la chumba kilichokuwa kinawaka lilivunjika kwa joto, na hewa ya moto ikawafuata juu. Wote wawili walipoteza maisha.

Ndiyo maana hufundishwa kulizunguka jengo kabla ya kuingia. Fundisho zuri, ila jaribu kuizunguka nyumba ya Mabatini ambayo ukuta wake wa nyuma umeegemea jiwe kubwa kuliko lori. Basi ukipiga 114 kutoka nyumba ya namna hiyo, sema mapema kwamba kuna vyumba chini ya usawa wa barabara.

Mjini uongo unabadilika sura. Fasheni ya sasa ni paa la kuficha: ukuta unapandishwa kuzunguka jengo lote, bati halionekani, na ukiwa nje unaweza kuapa kwamba juu kuna zege. Nyuma ya ukuta huo kuna bati na kenchi. Zege nene huvumilia moto kwa muda. Kenchi ni mbao nyembamba zinazotegemeana. Moja ikiachia, mzigo unawahamia wenzake, nao tayari wanaungua. Kenchi za chuma haziungui, lakini chuma kikifika nyuzi 600 hivi kimebaki na chini ya nusu ya nguvu zake. Tena kinarefuka: boriti ya mita 10, joto lake likipanda nyuzi 500, inaongezeka kama sentimita 6 na kuusukuma ukuta nje. Ule ukuta wa urembo, usio na kitu cha kuushikilia kwa nyuma, unaangukia barabarani, palepale watu walipojazana na simu zao. Wazimamoto wenyewe hukaa mbali nao, umbali wa mara moja na nusu ya kimo chake.

Julai 1, 1988, katika mji wa Hackensack, jimbo la New Jersey, kenchi za mbao za jengo la kuuzia magari ziliporomoka na wazimamoto 5 wakafa. Baadaye jimbo hilo likaagiza majengo yenye kenchi yabandikwe kibao cha pembetatu mlangoni: R kwa paa, F kwa sakafu.

Kenchi hizo zinafichwa mara ya pili, kwa ndani, na dari ya jipsamu. Jipsamu yenyewe si adui. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni maji yaliyoshikwa ndani, na moto lazima uyamalize kwanza. Lakini hapohapo ndipo inapodanganya: chini moshi ni kidogo, unaona hadi ukuta wa pili, kumbe juu mbao zinawaka kimyakimya. Kwa hiyo mzimamoto hutoboa dari kwa mti wenye ndoano kabla hajaingia mbali.

Kwenye fremu za maduka ni balaa zaidi, kwa sababu kuta nyingi za katikati zinaishia kwenye dari, na juu yake paa ni moja. Moto wa saluni unaruka juu ya duka la simu na kuibukia kwenye stoo ya magodoro. Niliwahi kumuuliza fundi wangu kwa nini hakupandisha ukuta hadi kwenye bati, tofali zimebaki. Akanitazama kama mtu asiyejua ujenzi.

“Bosi, dari itaficha.”